Bi mkubwa, bi mdogo na dira langu

Fundi wangu wa cherehani hapa Houston ni mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, na hadi leo anaamini kwamba mimi simu imeniroga. Mwezi wa tano nilimpelekea madira manne nikamwomba afumue mshono wa ubavu wa kulia, kuanzia kiunoni kushuka kama shubiri moja, kisha apinde ukingo vizuri ili paonekane kama mdomo wa mfuko. Akaligeuzageuza lile la kwanza, akanitazama juu ya miwani. "Dada, unataka poshi yenye haina chini? Simu itaanguka tu."

Nikamwambia simu ninaifunga kiunoni kwa mkanda. Uongo huo ulikuwa nusu. Mkanda upo kweli.

Ninaandika haya kwa sababu kila nilipotafuta maelezo ya kuchagua bastola ya pili ya kubeba kila siku, nilikutana na wanaume waliovaa suruali za kaki na mikanda mipana ya ngozi. Wote wanajua kila kitu, ila hakuna aliyewahi kuvaa dira. Nami najua wapo dada zangu huku Texas, Minnesota na Ohio wenye vibali na bastola, na siku za Ijumaa au za harusi wanaiacha kwenye droo ya gari kwa kuwa hawana pa kuichomeka. Kama hupendi habari za silaha, sikulaumu, usome jingine. Mama yangu mwenyewe aliye Ngamiani, Tanga, nilipomwambia ninabeba alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika, halafu akasema: "Mwanangu, mguu wa kuku wa nini? Kwani wewe jambazi?"

Kwetu silaha niliyoikuta ilikuwa gobore la babu kule Pangani. Lilikaa juu ya kenchi, likishushwa wakati nguruwe pori wakivamia mihogo, na babu alilitolea maelezo polisi kila walipomwita. Bastola ilikuwa ya askari, ya tajiri, au ya mwizi. Mtu wa kawaida hakutarajiwa kuwa nayo, na sioni kama hilo lilikuwa kosa. Lakini mimi sasa naishi katika jimbo ambalo tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu yeyote mwenye miaka 21, ilimradi sheria haimkatazi kumiliki, anaweza kutembea na bastola bila kibali chochote. Nina saluni ya kusuka kusini-magharibi mwa Houston, si mbali na Hillcroft. Tunafunga saa tatu usiku, wakati mwingine saa nne kama kuna kichwa cha rasta ndogondogo, na wateja wengi wanalipa taslimu. Desemba 2018 kijana alinifuata mpaka kwenye gari, akanigusisha kitu mgongoni. Alichukua mkoba akakimbia. Mpaka leo sijui kama kile kitu kilikuwa bastola au kidole.

Hivyo mwaka uliofuata nikanunua bi mkubwa.

Bi mkubwa ni Glock 19, ile ambayo kila duka la silaha Marekani linayo kama ambavyo kila duka la Tanga lina sabuni ya mche. Imekuwepo tangu 1988, inameza risasi 15 za milimita 9, na sina la kuisema vibaya. Nimefyatua nayo maelfu ya risasi. Nikivaa jinzi, mkanda mgumu na shati la kuachia, inakaa ubavuni siku nzima na hakuna mteja aliyewahi kushtuka. Taabu yake ni uzito. Ikijaa inakaribia gramu 850. Na kitako chake ni kirefu: kutoka chini ya magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya kitako) hadi juu ya mgongo wa bastola ni milimita 128. Watu wakitaka kuficha silaha huwaza urefu wa mtutu. Mtutu hauna shida, unazama ndani ya suruali. Kinachojichora kwenye nguo ni kitako, hasa unapoinama, na kazi ya kusuka ni kuinama kutwa nzima.

Ndipo yakaja mambo ya dira. Mimi ni mtu wa dira. Nyumbani, msibani, kwenye maulidi, Jumamosi sokoni, nitakuwa nimevaa dira, mtandio na ndara. Dira halina mkanda wala kiuno. Ukilibebesha karibu kilo nzima upande mmoja linakuvuta kama ndoo ya maji. Kwa miaka mitatu nilikuwa ninafanya walichofanya wengine: siku za dira bastola inabaki kwenye kasha nyumbani au, ninaona haya kusema, ndani ya gari. Siku moja mwaka 2022 tulirudi kutoka kwenye hitma tukakuta kioo cha gari kimevunjwa na droo imepekuliwa. Siku hiyo bahati ilikuwa yangu, bastola nilikuwa nimeiacha nyumbani. Wiki iliyotangulia ilikuwa humo. Nilikaa ukingoni mwa njia nikihesabu: kama ingeibwa, ingemfika nani? Ingemgusisha nani mgongoni?

Wifi yangu akatoa ushauri ambao wanawake wengi wanapewa. Nunua mkoba wa bastola. Ipo mikoba mizuri kabisa, ya ngozi, yenye mfuko wa siri na zipu yake. Mimi huwaambia wote habari ya Hayden, Idaho. Tarehe 30 Desemba 2014, mama mmoja alikuwa dukani Walmart na watoto. Bastola ilikuwa kwenye mkoba wa aina hiyohiyo, ndani ya mfuko wenye zipu, mkoba uko kwenye toroli, mtoto wake wa miaka 2 amekaa hapo hapo. Mtoto akafungua zipu. Mama alikufa palepale. Hakuwa mzembe, alikuwa mtu wa kulenga shabaha, mwenye kibali. Mkoba unawekwa chini, unaning'inizwa kwenye kiti, unashikwa na shoga ukienda msalani. Na mwizi akija, kitu cha kwanza anachochukua ni nini? Mimi nilishachukuliwa. Bastola ikae mwilini au isiwepo.

Kwa hiyo kazi ya bi mdogo ilikuwa hii: akae tumboni chini ya dira, asinivute, asijichore, na mkono wangu umpate bila macho.

Hapa nilikosea mara ya kwanza. Nilisikiliza duka. Kijana wa kaunta alinitazama mwili, akatazama viganja vyangu, akatoa kitu kidogo kama kiberiti: Ruger LCP, ya risasi za saizi ya .380, chini ya gramu 300. "Wanawake wanaipenda," akasema. Nikampa pesa. Kuificha ni raha tupu, inazama hata kwenye mfuko wa koti. Kuifyatua ni adhabu. Bastola nyepesi hupiga teke zaidi kwa sababu haina mwili wa kulimeza teke lenyewe, na kwa kitako kile cha vidole viwili ilikuwa inaruka kiganjani kila risasi. Alama zake za kulengea ni vijinundu. Baada ya risasi 30 ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa inawaka. Na risasi zake ni ghali kuliko za milimita 9. Nikaanza kutoa visingizio vya kutokwenda uwanjani nayo. Miezi minne baadaye niliirudisha duka jingine kwa hasara ya theluthi ya bei, na muuzaji akacheka kwa wema: kumbe wengi huzirudisha zikiwa na risasi 50 tu zilizopita.

Mwalimu wangu ni bibi wa Kimarekani mweusi, alikuwa askari wa jeshi la anga zamani, sasa anafundisha wanawake Jumapili asubuhi. Nilipomweleza alinisonya kama mtu wa kwetu. Akasema viwanja vingi vya shabaha vinakodisha bastola. Kodi kila unayoiwazia, piga mtihani uleule kwa kila moja, andika. Mtihani wenyewe upo tayari, ni ule wa kibali cha Texas. Risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 15. Alama kamili ni 250, ukipata 175 umepita. Si mgumu, na ndiyo maana unafaa: unaonyesha tofauti ya bastola badala ya kuonyesha ushujaa wako. Kwa bi mkubwa huwa nacheza kwenye 230 na kitu. Nikawa na kipimo.

Nilianza na rivolva, ile bastola ya risasi kukaa kwenye duara linalozunguka, maana mwalimu mwenyewe hubeba moja. Smith & Wesson 642, risasi 5 za .38, zaidi kidogo ya gramu 400, haina nyundo ya nje kwa hiyo hakuna kinachonasa kwenye kitambaa. Nitakuwa mkweli, niliipenda kwa macho. Ina ubishi wa kizee. Huna haja ya kuikoki, ukivuta, inafyatua, isipowaka, vuta tena, risasi inayofuata inakuja yenyewe. Unaweza hata kuifyatua ikiwa ndani ya mfuko wa koti, jambo ambalo bastola ya magazini inaweza kugomea baada ya risasi ya kwanza. Lakini kifyatulio chake kinataka nguvu ya karibu kilo 5, kinavutwa njia ndefu, na mkono wangu baada ya kutwa ya kusuka vidole vinatetemeka. Yadi 3 nilikuwa sawa. Yadi 15 nilikuwa natawanya risasi kama mtu anayerusha mchele kwa bwana harusi. Alama 181. Watu huwapa wanawake rivolva kwa kuwa ni "rahisi". Kuelewa ni rahisi. Kulenga nayo ni kazi ya miaka, na mwalimu ameifanya miaka hiyo.

Wifi naye alikuja siku ile akajaribu bastola iitwayo Shield EZ, ya .380, iliyotengenezwa makusudi sehemu yake ya juu iwe nyepesi kuvuta nyuma unapoikoki. Ana baridi yabisi ya vidole, bastola nyingi hawezi kuzikoki. Hiyo aliikoki mara ya kwanza, akageuka akatucheka sote. Kwake yeye utafutaji uliishia hapo. Kwangu haikufaa, ni ndefu mno kwa tumbo langu.

Halafu zikaja zile mbili zilizonikosesha usingizi.

SIG P365 ilitoka mwaka 2018 na ilibadilisha biashara nzima. Kabla yake, bastola nyembamba ya milimita 9 ilikuwa ya risasi 6, 7 au 8. Wao wakapata njia ya kuzipanga risasi 10 ndani ya magazini fupi na nyembamba, na bastola ikabaki na uzito wa karibu nusu kilo. Baada ya hapo kila kiwanda kikaanza kukimbizana nao. Naijua sifa yake na naikubali. Inakaa mkononi vizuri, alama za kulengea zinaonekana hata gizani, na teke lake ni la kistaarabu.

Nyingine ni Glock 43, ya mwaka 2015. Risasi 6. Sita tu! Ni kama mtu amemchukua bi mkubwa akamfua kwa maji ya moto akanywea. Urefu wa kusimama ni milimita 108 badala ya 128, unene haufiki sentimita 3, ikijaa ni kama gramu 640. Ipo na dada yake 43X yenye risasi 10, lakini huyo wamemrudishia kitako kirefu, milimita 128 zilezile, na mimi kitako ndicho ninachokikimbia. Ipo pia 26, fupi na nene, inayokula magazini za 19. Hiyo nilitamani iwe jibu kwa sababu ya magazini, ila unene wake ni uleule wa bi mkubwa. Chini ya dira laini inatokeza kama mtu aliyeficha andazi.

Kwa hesabu ya kawaida mjadala umekwisha. Ukubwa uleule, moja ina 10, nyingine ina 6. Nani achague 6? Kila niliyemuuliza uwanjani alinijibu kabla sijamaliza swali.

Nikapiga mtihani. Kwa P365 nilipata 214. Kwa 43 nilipata 226. Siyo tofauti kubwa, ila nikaangalia karatasi zenyewe. Za SIG, risasi za kwanza za kila mzunguko zilikuwa chini. Nilikuwa nikiinua mikono, bastola ikiinamisha mdomo, halafu naisahihisha. Mwalimu akacheka, akaniambia nifumbe macho, ninyooshe bastola ukutani kama nalenga, nifumbue. Bi mkubwa: alama ziko juu ya shabaha. Ile 43: zipo. SIG: mdomo unatazama sakafu. Kitako cha Glock kimelala kwa pembe yake, na mkono wangu kwa miaka yote hiyo ulishajifunza pembe hiyo ukaisahau, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. Ningeweza kuufundisha upya, watu wanafanya. Lakini bi mkubwa haondoki. Ningekuwa nabeba hii Jumatatu, ile Ijumaa, na siku ya siku mkono uulize kwanza leo ni siku gani.

Nikachagua sita.

Nimetaniwa sana kwa hilo na bado natukanwa kidogo na mashabiki. Wana hoja: risasi ulizoacha kiwandani hazikusaidii. Jibu langu ni kwamba bastola hii inashindana na kutobeba chochote, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nabeba siku za dira. Tena zote mbili zinakula risasi moja, ya milimita 9. Boksi moja la mazoezi, boksi moja la kubebea. Zile za kubebea zina tundu kichwani. Zikigonga hufunguka na kupunguza hatari ya kupita na kumfuata mtu wa nyuma. FBI, tangu mapambano yao ya risasi na majambazi huko Miami mwaka 1986, hutaka risasi izame inchi 12 hadi 18 kwenye jeli ya majaribio inayoiga nyama ya mwili, yaani sentimita 30 hadi 46. Nachagua aina inayofika hapo hata ikitoka kwenye mtutu mfupi, na habari za risasi naishia hapo. Watu wanapoteza miaka kwenye hizo.

Kununua kwenyewe kulichukua nusu saa. Fomu namba 4473 ya serikali kuu, maswali yake yasome kwa makini wewe uliyehamia. Inauliza uraia. Mwenye karatasi za ukaaji wa kudumu anaruhusiwa. Aliyeko kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa njia chache kama leseni ya uwindaji. Inauliza bangi, na hata kama jimbo lako limehalalisha, kwa serikali kuu jibu la ndiyo linakufungia mlango na jibu la uongo ni jela. Kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi, aliniomba nimnunulie, atanirudishia hela. Nikamwambia mdogo wangu, hapo unaniomba nifungwe mimi kwa ajili yako. Alikasirika, tumeshapatana.

Mwenye kibali cha Texas hahitaji kusubiri simu ya ukaguzi, na hiyo ni faida ndogo. Wengi hawajakata kibali tangu sheria ya 2021, wanaona ni hela ya bure. Mimi nilibaki nacho kwa sababu moja ambayo haizungumzwi sana: sheria ya serikali kuu inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300, na mmojawapo wa wanaosamehewa ni mwenye kibali kilichotolewa na jimbo lenyewe. Ruhusa ya jumla ya Texas haikupi msamaha huo. Saluni yangu na shule ya msingi ya mtaani vinatenganishwa na kituo cha mafuta na duka la donati.

Sasa turudi kwa mkanda, maana ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko bastola. Mkanda wa tumbo ni kitambaa kipana cha kuvutika, kama wanavyofungwa wazazi baada ya kujifungua. Ya bei rahisi ina mfuko laini wa kuingiza bastola. Msinunue hiyo. Glock haina kufuli ya kidole. Vizuizi vyake viko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe, na vyote huachia kifyatulio kikivutwa. Kitambaa laini kinaweza kukunjika kikaingia pale, au kidole kikapenya kwa juu. Nilitafuta mkanda wenye ala ngumu ya plastiki iliyoshonewa ndani, inayofunika kifyatulio chote na kukaza bastola mpaka inalia "tik" inapoingia. Ala hiyo na mkanda vilinigharimu karibu robo ya bei ya bastola.

Kisha dira. Mwanamke wa suruali anainua shati. Mimi niinue dira lote hadi kifuani mbele ya mwizi? Hapo ndipo likaja wazo la mshono wa ubavu, poshi yenye haina chini. Mkono unaingia, unakutana na kitako. Nilifanya mazoezi chumbani jioni, bastola tupu, risasi na magazini vikiwa jikoni, baba watoto akihakikisha chemba haina risasi kabla yangu na mimi baada yake. Mara mia ya kwanza nilitoka na kitambaa. Fundi akaongeza mpasuo kwa vidole viwili. ("Simu gani hii, dada, ni redio?") Rangi nazo zina maneno. Dira la rangi moja linasema kila kitu; lenye maua makubwa halisemi. Mtandio ukishuka upande wa kulia, kwisha kazi.

Kuna jambo jingine mkono ukiingia ubavuni. Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani. Alikuwa na kibali, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, mwenzake yuko pembeni na mtoto wa miaka 4 nyuma. Askari yule mahakama ilimwachia mwaka 2017. Mimi ni mwanamke mweusi mwenye lafudhi na mtandio, na nguo yangu sasa ina tundu la kupitisha mkono kwenda kwenye bastola. Kwa hiyo leseni ya udereva na kibali sivihifadhi tena kwenye mkoba wala mfukoni. Viko kwenye kipochi cha plastiki kinachoning'inia karibu na usukani, nyuma ya tasbihi. Taa za bluu zikiwaka nyuma yangu, mikono iko juu ya usukani kabla gari halijasimama, na sitaisogeza mpaka niambiwe.

Nyumbani pia hesabu iliongezeka. Wana wangu wana miaka 9 na 6. Texas ni kosa kuacha bunduki yenye risasi bila kuifungia, mtoto wa chini ya miaka 17 akaipata, lakini hata kusingekuwa na sheria. Kasha la bi mkubwa limefungwa kwa skrubu ndani ya kabati, linafunguliwa kwa vidole kwa mpangilio. Nilidhani watakaa wote wawili humo. Wakakaa, wiki moja, hadi usiku mmoja nilipoingiza mkono gizani nikatoa ambaye sikumtaka. Nikanunua kasha la pili. Kama ukewenza wenyewe: kila mmoja na nyumba yake.

Harusi ya binti wa jirani ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, ukumbi wa huko Katy. Nilivaa dira jipya la zambarau, maua makubwa, mkanda umekaa, bi mdogo kimya kabisa, nikajitazama kwenye kioo cha mbele, cha pembeni, nimeinama, nimeinuka, nimeinua mikono kama ninayemtunza mwimbaji. Hakuna kitu. Miaka mitatu nilikuwa naisubiri siku hiyo. Nimefika mlangoni pa ukumbi na zawadi yangu mkononi, nikaona bango. Kifungu cha 30.06 cha sheria ya Texas, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi za inchi nzima kama sheria inavyotaka: hapa huingii na bastola iliyofichwa, hata ukiwa na kibali.

Nikageuka. Garini siiachi tena. Dakika 35 kwenda nyumbani, kasha, dakika 35 kurudi. Nilipoingia, bibi harusi alishakaa, watu wanakula biriani, na wifi alikuwa amenishikia kiti.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Foleni," nikamwambia, nikakaa kula.